Damu Ileile, Wanawake Walewale

Pale hospitalini walimwita Bi Pengine, na hawakumwita hivyo kwa kumtukuza. Alikuwa mtakwimu wa idara ya utafiti, mwembamba wa mwili lakini mnene wa sauti, na daktari yeyote aliyemletea hesabu zake akitarajia pongezi aliondoka na maswali. "Dawa hii inasaidia au haisaidii?" wangemwuliza. Naye angejibu, "Pengine. Umewapa wangapi? Nani aliwachagua? Na wale usiowapa walikuwa wakoje?" Jina likamganda kama kupe. Hakulikataa. Alisema heri kuitwa Pengine kuliko kuitwa Bila Shaka, kwa sababu akina Bila Shaka ndio wanaozikisha watu.

Hakuanza maisha akitaka kuhesabu. Alitaka kuwa muuguzi. Msichana akaingia chuo, akashonewa sare, akapigwa picha na mama yake mlangoni. Siku walipopelekwa chumba cha upasuaji, kisu hakijafika hata nusu ya kazi yake, binti wa watu akaanguka kama gunia la mkaa. Mgonjwa akaachwa kidogo, wote wakamkimbilia muuguzi. Alirudi nyumbani akiwa amejifunika khanga usoni. Miaka ikapita, akasomea takwimu, na mwisho wa yote Mungu akamfanyia mzaha wake: kazi aliyoipata ilikuwa ya kukokotoa hesabu za vipimo vya damu.

Kisa kilichompasua moyo kilianzia kwenye kipimo cha namna hiyo.

Hospitali ilikuwa na kipimo cha zamani kwa wanawake waliokuja na tumbo lililojaa au maumivu ya chini ya kitovu. Damu ilipimwa ili kusaidia kujua kama uvimbe kwenye ovari ni wa saratani au ni wa kawaida. Kilikuwa na kasoro zake, na kila mtu alizijua. Kipimo cha aina hiyo hakisemi ndiyo wala hapana. Kinatoa namba tu. Ni binadamu anayechora mstari na kusema: juu ya hapa tunaogopa, chini ya hapa tunatulia. Ukiushusha mstari, unanasa wagonjwa wengi lakini unawanyima usingizi wazima kibao. Ukiupandisha, wazima wanalala vizuri, na baadhi ya wagonjwa wanapita katikati ya vidole vyako. Ndiyo maana Bi Pengine alizoea kuwaambia madaktari vijana kwamba huwezi kulinganisha vipimo viwili kwa kutazama mstari mmoja. Upitishe mistari yote, juu mpaka chini, uone kwa ujumla wake kipi kinawatenganisha vizuri wenye ugonjwa na wasio nao.

Basi kampuni moja ikaja na mashine mpya na kipimo kipya, ikaiacha hospitalini kwa majaribio. Mkuu wa idara ya utafiti, ambaye wote walimwita Profesa, akaipenda mashine ile kama mtu anavyompenda kitinda mimba. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemwajiri Bi Pengine wakati wengine walisema mwanamke mwenye mdomo kama ule atavunja idara. Lakini alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu, na alitaka aondoke na jambo la kukumbukwa.

Asubuhi moja aliwaita wote kwenye chumba cha mikutano. Pazia lilikuwa limekatika kamba upande mmoja, kwa hiyo jua liliingia na kufifisha picha ukutani, ila yaliyochorwa yalionekana: mikunjo miwili ya mistari, mmoja wa kipimo cha zamani, mwingine wa kipya, na ule wa kipya umepanda juu kama mtu aliyesimama kwenye kiti, yaani ndicho kinachotenganisha vizuri zaidi.

"Tofauti iko wazi," alisema Profesa. "Kuanzia mwezi uliopita kliniki inatumia kipimo kipya peke yake. Namba ikiwa chini, mama anarudi nyumbani. Hakuna haja ya kumpanga foleni ya picha ya altrasaundi."

Watu wakapiga makofi. Bi Pengine hakupiga. Alikuwa anaiona kazi ile kwa mara ya kwanza, kama mgeni, ilhali yeye ndiye mtakwimu wa idara.

"Samahani, Profesa. Hesabu hizi kafanya nani?"

"Wataalamu wa kampuni wametusaidia."

"Wenye mashine."

"Wenye utaalamu."

"Haya. Na wanawake wa mkunjo huu wa juu ni akina nani?"

Profesa akafungua ukurasa mwingine bila haraka. Wagonjwa walikuwa wametoka wodi ya saratani, wanawake ambao ugonjwa ulishasambaa. Wazima walikuwa wanafunzi wa chuo cha uuguzi, waliojitolea. Na wale wa kipimo cha zamani? Hao hesabu zao zilichukuliwa kwenye utafiti wa miaka ya nyuma, wa wanawake wa kliniki ya nje, waliokuja na malalamiko yasiyoeleweka, nusu wazima nusu wagonjwa, ugonjwa ukiwa bado mchanga.

Bi Pengine akasimama.

"Profesa, mmekipa cha zamani mtihani mgumu na hiki kipya mmekipa wa chekechea! Wale wa wodini hata mimi ningewatambua nikiwa nimesimama mlangoni. Hawa wasichana wa chuo wanaruka kamba. Kuwatenganisha hao si kupima, ni kuuliza nani mkubwa kati ya bibi na mjukuu!"

Mtu mmoja alicheka, akajikohoza.

"Ukitaka kulinganisha vipimo viwili," aliendelea, "chukua wanawake walewale, damu ileile, uipitishe kote kuwili. Halafu ukweli wao uutafute kwa njia moja kwa wote, kwa upasuaji na hadubini. Hapo ndipo utajua. Hapa hatujui kitu, na tayari tunarudisha watu nyumbani."

Profesa akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Bi Pengine," alisema, "pengine leo ungesema ndiyo tu, mara moja, tuone inakuwaje."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Akakaa. Akafunga kalamu yake.

Nyumbani alisema hayo yote kwa mumewe, akayarudia wakati wa kula, na mumewe, mwalimu wa shule ya msingi aliyezoea kelele, alisikiliza huku akisahihisha madaftari. "Umeshasema," alimwambia. "Wamesikia."

"Wamesikia kama ukuta unavyosikia msumari."

"Msumari huingia, mke wangu, ukigongwa tena."

Siku chache baadaye aliingia wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani mwenye ulimi usiopumzika. Kati yao utani haukuwa na mpaka. Alijitupa kwenye kochi, akashika tumbo.

"Wifi, hospitali yenu imeniambia niko salama."

"Umekwenda lini? Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Mimi nawapima watu viuno kutwa nzima, nakijua kiuno changu. Chakula kimenishinda, nguo zinabana. Nikaenda kliniki, wakanitoa damu, wakaniambia namba iko chini, mama rudi nyumbani, huna kitu. Nimeliambia tumbo habari hizo. Limekataa."

Bi Pengine hakucheka. "Hawakukupiga picha?"

"Picha gani? Nilivaa vizuri bure."

Kesho yake alishuka kliniki kabla hata ya kuweka mkoba mezani kwake. Wanawake walikuwa wamejaa kwenye mabenchi ya mbao, wengine wamekaa kwenye ngazi. Muuguzi mkuu wa pale, aliyeitwa Sista na wakubwa kwa wadogo, alimvuta nyuma ya mlango wa stoo.

"Usinigombeze mimi," alisema Sista kabla hajaulizwa. "Utaratibu umeletwa na karatasi, na karatasi ina mhuri. Nami siupendi. Zamani mwanamke mwenye tumbo la namna ile nisingemruhusu avuke geti bila altrasaundi. Sasa mashine ikisema nenda, anakwenda. Nikiuliza, naambiwa nimebaki nyuma ya sayansi."

"Hiyo siyo sayansi, Sista. Ni uvivu uliovalishwa koti jeupe!"

Alimpeleka wifi yake hospitali nyingine. Picha ikaonyesha uvimbe mkubwa kwenye ovari ya kushoto. Akafanyiwa upasuaji, uvimbe ukapelekwa kwenye hadubini, na nyumba nzima ikaishi kwa pumzi nusu. Fundi cherehani mwenyewe, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, alikaa kitandani akikunja na kukunjua ncha ya shuka. Majibu yalipotoka hayakuwa saratani. Uvimbe ulikuwa wa kawaida, umetolewa, umekwisha. Mumewe Bi Pengine alitoka nje akasimama nyuma ya nyumba, akarudi macho mekundu akidai ni vumbi.

Habari haina miguu lakini inakimbia. Bi Pengine aliporudi kazini, Profesa alimkuta kwenye ukumbi, akampa mkono kwa furaha ya kweli.

"Nimesikia! Hongera sana. Na umeona? Kipimo kilisema si saratani, na kweli si saratani. Wifi yako sasa ni shahidi wangu."

Hapo ndipo Bi Pengine alipokasirika hasira ambayo hakuwahi kuijua. Siku zote alikuwa akikasirikia makosa. Safari hii alikasirika kwa sababu mtu alikuwa ameingiza mkono kwenye furaha ya nyumba yake na kuchomoa takwimu.

"Profesa," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo mpaka wapita njia wakasimama, "wifi yangu ni mtu mmoja. Angekutwa na saratani, nisingemtumia kukushinda. Hakukutwa nayo, basi nawe usimtumie kunishinda. Uvimbe ule ungeweza kujisokota ukamwua bila kuwa saratani. Na mashine yako ikisema kweli kwa mmoja, haijasema kweli kwa wote. Hilo ulinifundisha wewe mwenyewe nilipoajiriwa."

Profesa akarudi ofisini kwake.

Jioni ile aliandika kwa kamati ya maadili ya utafiti. Mwenyekiti wake alikuwa mama mmoja, daktari wa upasuaji aliyestaafu, asiyependa maneno mengi. Alichoomba Bi Pengine kilikuwa kitu kimoja. Kwenye majokofu ya maabara ilikuwapo damu ya wale wanawake wa kliniki ya nje wa utafiti wa zamani. Walikuwa wameridhia itumike kujaribia vipimo vingine, na mwisho wa kila mmoja ulijulikana kwa upasuaji na hadubini. Apewe ruhusa ipimwe kwa mashine zote mbili.

Mlinzi wa majokofu yale alikuwa mtaalamu mzee wa maabara, aliyeitwa Babu Friji kwa sababu alivaa sweta hata jua likiwaka. Profesa alikuwa amemwambia sampuli zile zihifadhiwe kwa kazi nyingine.

"Binti yangu," Babu Friji alimwambia Bi Pengine, "mimi nimelinda damu hii umeme ukikatika, nimeilinda jenereta likigoma. Sikuilinda ili ikae iwe barafu ya kumbukumbu. Lete ruhusa, mengine niachie."

Ruhusa ilikuja, ingawa kwa kuchelewa. Bi Pengine aliweka masharti yake: watu wa kampuni wasikaribie, na wanaopima wasijue ni damu ya nani na alikutwa na nini, maana jicho linalojua jibu huliona hata lisipokuwapo. Alijiwekea na sharti lake mwenyewe, akamtangazia mumewe: "Kipya kikiwa bora, nitaandika ni bora. Hata kama nitaandika nimeuma meno."

"Utayavunja," alisema mumewe.

Matokeo yalipotoka, alijifungia ofisini na feni inayolia kama mbu. Mikunjo miwili haikuwa tena mmoja juu na mmoja chini. Ilisokotana kama nyuzi za kamba. Kipimo kipya kilikuwa na jema lake: hakikuwatisha ovyo wanawake wa umri mdogo, wale ambao cha zamani kiliwaogopesha kwa vitu vya kawaida tu. Lakini saratani ikiwa bado changa, kilipitwa nayo kama mwenzake, na pale kampuni ilipochora mstari wake, kilipitwa zaidi. Ukivitazama kwa jumla, pengo kati ya vipimo viwili lilikuwa dogo kiasi kwamba bahati peke yake ingeweza kulileta. Aliandika yote, jema na baya, na hakuacha hata neno moja la sifa ambalo kipimo kipya kilistahili.

Kwenye kikao cha kamati Profesa aliisoma ripoti hadi mwisho. Lazima isemwe kwamba hakuipinga. "Basi," alisema kwa kuchoka, "hakuna aliyeshinda."

"Haikuwa mechi," alijibu Bi Pengine.

Kamati ikaamua: vipimo vyote viwili vitumike pamoja, na mwanamke mwenye dalili asirudishwe bila altrasaundi, namba iseme itakavyo. Utaratibu urekebishwe kuanzia sasa. Wajumbe wakaanza kukusanya mafaili.

"Kuanzia sasa?" Bi Pengine alisimama, na kiti chake kikaanguka nyuma. "Na waliorudishwa jana? Na juzi? Kuna wanawake huko nje wanaumwa, na wametulia kwa sababu sisi tuliwaambia watulie!"

Mjumbe mmoja, mwanasheria wa hospitali, akainua kiganja. "Tukiwaita wote tutazua taharuki. Jina la hospitali—"

"Jina la hospitali halina ovari!"

Mwenyekiti akafunga faili lake. "Waiteni," alisema. "Lakini kimyakimya."

"Mama, simu haipigwi kimyakimya."

Wakazipiga, yeye na Sista, kutoka chumba kidogo cha kliniki chenye dirisha linalotazama ukuta. Wengi walikuja, wakapigwa picha, wakakutwa salama, wakaondoka wakinung'unika kuhusu nauli na kazi walizoziacha, na walikuwa na haki ya kunung'unika. Wachache walikutwa na tatizo. Mmoja alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa mikono mikubwa, ambaye saratani yake ilikuwa bado haijatoka ilipoanzia. Alipoelezwa aliuliza tu kama upasuaji unaweza kungoja watoto wa shule wamalize mitihani. Sista alimjibu kwa ukali hata mpishi mwenyewe akatabasamu. Alifanyiwa wiki ileile, akapona.

Simu nyingine ilipokewa na binti. Bi Pengine akajitambulisha, akasema anamtafuta mama.

"Mama tumemzika."

Bi Pengine akaweka kalamu chini.

"Alikuwa anaumwa tumbo," binti aliendelea, kama anayesimulia mambo ya jirani. "Mlimwambia hana kitu. Alirudi nyumbani akilia, tukamwambia, mama, hospitali imesema huna kitu, unadeka. Na yeye akaamini kwamba anadeka. Amekufa anatuomba msamaha kwa kutusumbua." Kisha sauti ikapanda. "Sasa mnapiga kwa ajili ya nini?"

Bi Pengine alikwenda moja kwa moja kwa Profesa, akamwomba waende pamoja kwa yule binti. Profesa alikuwa amekaa, uso umemshuka, na alipomsikiliza macho yake yalijaa. Lakini akasema mwanasheria amekataza mtu yeyote kwenda, kwa sababu kwenda ni kukiri.

"Na tusipokwenda ni kufanya nini?" aliuliza Bi Pengine. Kisha akatoka.

Alikwenda na Sista. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, viatu vimepangwa mlangoni. Binti hakuwakaribisha ndani, wala hakuwafukuza. Walisimama kizingitini, na Bi Pengine akaomba radhi kwa jina la hospitali, ingawa hakuna aliyemtuma.

"Wangempiga picha siku ile, angepona?" binti aliuliza.

"Sijui," alisema Bi Pengine. "Nikikwambia najua nitakuwa nakuongopea, na mmeshaongopewa vya kutosha. Lakini angejua anaumwa nini. Wala asingemwomba mtu msamaha."

Binti aliegemea mlango, akalia bila kujifunika uso. Sista akamshika bega.

Profesa alistaafu kwa sherehe, akapewa saa ya ukutani. Hotuba zilitaja mashine, hazikumtaja mtu. Bi Pengine alibaki kwenye dawati lake, ingawa kwa muda mrefu mikutano mingine iliitishwa bila yeye kuambiwa, naye akawa anaingia tu na kukaa. Utaratibu mpya unafuatwa. Wifi yake amerudi kwenye cherehani, na siku moja alimwuliza hasira ile ataitua lini, isije ikamletea presha.

"Nitaitua wakiandika," alijibu.

Alikuwa amedai hospitali iandike barua ya kuomba radhi kwa yule binti, yenye sahihi ya mkurugenzi, inayosema waziwazi kwamba mama yake hakuwa anadeka. Akajibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Kwa hiyo kila Jumatatu hupanda ngazi mpaka ofisi ya mkurugenzi, akavuta kiti mbele ya katibu muhtasi, akakaa.

"Bado, mama," husema katibu bila kuinua macho.

"Leo sina haraka," husema Bi Pengine, na hufungua kazi zake pale pale, juu ya meza ya katibu, akaanza kuzisoma.